Polisi, kampuni, mpelelezi wa kujitegemea au wakili? Ulinganisho kwa anayetaka kuajiri mpelelezi binafsi Kenya na Tanzania

Wengi humtafuta mpelelezi wakiwa wamevurugika moyo. Mume hapokei simu, kiwanja kimeuzwa mara mbili, mwenye duka anahesabu mzigo na hesabu haiji. Mtu akiwa katika hali hiyo hununua chochote anachoahidiwa. Kwa hiyo kabla ya kupiga simu hata moja, chukua karatasi uandike sentensi mbili. Ya kwanza: ni jambo gani moja unataka kulijua? Ya pili: ukishalijua utalipeleka wapi? Mahakamani, polisi, kwa mwajiri, kwa wazee wa familia, au litabaki moyoni mwako?

Sentensi ya pili ndiyo inayoamua umwajiri nani. Kinachotosha kukutuliza wewe hakimtoshi hakimu, na kinachomtosha hakimu kina gharama kubwa zaidi na masharti mengi zaidi. Sentensi ya kwanza nayo inaamua utalipa kiasi gani. "Nataka kujua ukweli kuhusu huyu mtu" ni kazi isiyo na mwisho, na mpelelezi asiye mwaminifu ataipenda sana. "Nataka kujua kama waliojitambulisha kwangu ndio wakurugenzi halisi wa kampuni hii, na kama imewahi kushtakiwa kwa deni" ni kazi ya siku chache, yenye mwanzo na mwisho.

Kwanza, pima kama unamhitaji mpelelezi

Sehemu kubwa ya kile wapelelezi wanachouza ni taarifa zilizomo kwenye rejista za serikali, ambazo mwananchi yeyote anaweza kuziomba kwa ada ndogo.

Kenya, kampuni iliyosajiliwa huchunguzwa kupitia Huduma ya Usajili wa Biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Karatasi unayoitaka inaitwa CR12. Inaonyesha wakurugenzi, wenye hisa na idadi ya hisa zao. Angalia tarehe yake kwa makini, maana muuzaji mjanja hukuletea CR12 ya miaka miwili nyuma, kabla ya mkurugenzi mmoja kujiondoa. Tanzania kazi hiyo iko BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kupitia mfumo wao wa usajili mtandaoni. Kesi zilizoamuliwa husomwa bure: za Kenya kwenye tovuti ya Kenya Law, za Tanzania kwenye TanzLII. Tafuta kwa jina la mtu, kisha rudia kwa jina la kampuni, kisha kwa majina yaliyopinduliwa, kwa sababu makarani huandika jina la ukoo kwanza au mwisho wapendavyo.

Gari la Kenya huchunguzwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na benki yenye mkopo juu ya gari mara nyingi hujitokeza kama mmiliki mwenza, jambo ambalo muuzaji hakulitaja. Vizazi, vifo, ndoa na talaka kwa Tanzania viko kwa wakala wa usajili, RITA. Kwa Kenya, rekodi za ndoa ziko kwa Msajili wa Ndoa. Mwajiri anayetaka kujua kama mwombaji kazi ana rekodi ya jinai amwombe alete cheti cha tabia njema cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai ya Kenya. Ada yake ni shilingi 1,050 za Kenya, na mwombaji mwenyewe ndiye anayepigwa alama za vidole. Tanzania cheti kama hicho hutolewa na Jeshi la Polisi. Mpelelezi anayesema atakupatia "rekodi ya polisi" ya mtu bila mtu huyo kujua, anakuambia kwa maneno mengine kwamba ana askari anayemhonga.

Hata namba ya simu isiyojulikana ina njia halali ya kuijua. Anza kutuma pesa kwa simu kwenda namba hiyo. Kabla muamala haujakamilika, jina la mwenye laini huonekana. Lisome, kisha ghairi. Jina hilo peke yake halithibitishi kwamba ndiye aliyeshika simu siku ya tukio, ila limekupa pa kuanzia.

Yote haya yakikutosha, umeokoa fedha. Yasipokutosha, sasa una faili la kumkabidhi mpelelezi, naye hatakulipisha kukutafutia CR12.

Polisi dhidi ya mpelelezi binafsi

Hapa hakuna ushindani wa kweli, ni kazi mbili tofauti. Polisi wana mamlaka ya kukamata, kupekua kwa kibali, kuita rekodi za simu na benki kwa amri ya mahakama. Mpelelezi binafsi hana hata moja kati ya hayo. Yeye ni raia kama wewe. Anachokuuzia ni muda wake, macho yake na uzoefu wake wa kujua pa kuuliza.

Kwa hiyo palipo na jinai (wizi, utapeli, vitisho, mtu aliyepotea), polisi ndio kituo cha kwanza. Kufungua taarifa ni bure. Kenya unapata namba ya OB (daftari la matukio), Tanzania unapata RB (namba ya taarifa kituoni). Iandike, ipige picha, uitunze. Mtu akipotea usisubiri saa 24. Hakuna sheria inayokutaka usubiri, na saa za mwanzo ndizo zenye thamani: kamera za maduka hufutwa na kurekodiwa upya, makondakta husahau sura.

Udhaifu wa polisi unajulikana: mafaili ni mengi na faili lako linaweza kulala. Hapo ndipo mpelelezi binafsi anapofaa, kwa kulilisha faili. Anatafuta mashahidi, anaandika majina na namba zao, anapanga miamala kwa tarehe, kisha unampelekea afisa mpelelezi wa kituo au, kwa Tanzania, mkuu wa upelelezi wa wilaya. Faili lililokwisha kupangwa hushughulikiwa haraka kuliko malalamiko ya mdomo. Lakini mpelelezi asizungumze na mtuhumiwa kabla ya polisi. Mtuhumiwa akishtuka, vielelezo vinachomwa usiku huohuo.

Mpelelezi wa kujitegemea dhidi ya kampuni

Huu ndio uamuzi unaowasumbua watu zaidi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mpelelezi wa kujitegemea mara nyingi ni askari mstaafu au mtu aliyetoka kitengo cha usalama cha benki au bima. Ubora wake ni kwamba unaongea na mtu yuleyule atakayefanya kazi. Bei yake huwa ya chini kwa sababu halipi ofisi wala katibu. Anajua mtaa, anajua chifu, anajua mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na akiulizia jambo hawamtilii shaka. Kwa kumtafuta mdaiwa aliyehama nyumba, kuhakiki kama mtu anaishi anapodai, au kuzungumza na majirani wa kiwanja, mtu mmoja mzuri anatosha kabisa.

Pale asipotosha ni kwenye ufuatiliaji wa mtu anayetembea. Mtu mmoja hawezi kumfuata mwingine mjini siku nzima bila kushtukiwa au kumpoteza. Fikiria: mlengwa ana gari, mpelelezi ana gari. Wanaingia foleni, magari manne yanaingia katikati, taa zinageuka nyekundu, mlengwa ameondoka. Akisogea karibu, anaonekana kwenye kioo. Kesho akirudi na gari lilelile, mlinzi wa geti anaanza kuuliza. Timu inayojua kazi huweka angalau watu wawili, gari moja na pikipiki moja, wanapokezana kuwa mbele, na gari hubadilishwa kila siku. Pikipiki ndiyo inayookoa kazi Nairobi na Dar es Salaam. Gari peke yake ni kupoteza hela.

Kampuni inaweza kutoa timu kama hiyo. Ina mkataba, ina risiti, ina mtu wa pili akiumwa wa kwanza, na ikikosea una wa kumshtaki. Udhaifu wake ni kwamba aliyekuuzia kazi ofisini siye anayekwenda mtaani. Kazi huenda kwa kijana mwenye mwezi mmoja kazini, au inauzwa tena kwa mpelelezi wa kujitegemea uliyekuwa unamkwepa. Uliza moja kwa moja: "Nani atakuwa mtaani, na je, mnampa mtu wa nje?" Kampuni safi hujibu bila kuzungukazunguka. Tahadhari nyingine ni kampuni za ulinzi zilizobandika neno "upelelezi" kwenye mlango. Kulinda geti na kukusanya ushahidi ni fani mbili.

Usajili ndio kichujio cha kwanza. Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi Binafsi ya mwaka 2016 inawahesabu wapelelezi binafsi miongoni mwa watoa huduma wanaopaswa kusajiliwa na PSRA, mamlaka inayosimamia ulinzi binafsi. Omba cheti, kisha uulizie mamlaka yenyewe kama kingali hai. Cheti kilichopigwa picha hakithibitishi kitu. Uliza pia kuhusu usajili katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania, pata usajili wa BRELA, namba ya mlipa kodi na leseni ya biashara, halafu uliza kuhusu usajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Swali hili la data huwachuja wengi: anayekusanya maisha ya watu kwa ajira na hajawahi kusikia sheria hiyo, mafaili yake yako kwenye simu isiyo na nywila.

Kwa maoni yetu: kazi ya kuuliza na kuhakiki, chukua mtu mmoja mwenye sifa. Kazi ya kufuata na kurekodi, chukua kampuni yenye timu. Ukichanganya, utalipa bei ya timu kwa kazi ya mtu mmoja, au utampa mtu mmoja kazi itakayomshinda.

Kumwajiri mwenyewe dhidi ya kumwajiri kupitia wakili

Kama sentensi yako ya pili inasema "mahakamani", anzia kwa wakili. Watu huona ni gharama ya ziada, lakini mara nyingi ndiyo inayozuia hasara. Wakili anajua ni jambo gani hasa linahitaji kuthibitishwa, kwa hiyo anapunguza kazi. Kati yako na wakili kuna siri inayolindwa na sheria ya ushahidi, na kwa Kenya ulinzi huo unawagusa pia makarani na watumishi wake. Mpelelezi anayefanya kazi chini ya maelekezo ya wakili ana msingi imara zaidi kuliko yule uliyewasiliana naye kwa meseji za WhatsApp, ambazo mahakama inaweza kuzisoma zote.

Kama unataka tu kujua kama fundi unayetaka kumpa nyumba aliwahi kutelekeza kazi, wakili ni wa nini? Muajiri mpelelezi wewe mwenyewe.

Bei mbili mezani

Tuseme umeomba bei kwa watu wawili, kazi ni kujua mfanyakazi wa ghala anapeleka wapi mzigo baada ya kazi. Wa kwanza anaandika hivi: siku tatu, watu wawili, saa nane kwa siku, gari moja na pikipiki moja, mafuta kwa risiti, ripoti ndani ya siku tano, nusu kabla na nusu baada ya ripoti. Wa pili anakuambia kwa simu: "Nipe kiasi fulani, nakuletea kila kitu, na meseji zake zote."

Wa kwanza anaonekana ghali. Lakini unaweza kumkagua. Watu wawili mara saa nane mara siku tatu ni saa 48 za kazi. Gawa bei kwa 48 upate gharama ya saa moja, ukamlinganishe na mwingine. Kama mlengwa hutoka kazini jioni, mwambie akate saa za asubuhi, na bei ishuke. Wa pili huwezi kumkagua kwa lolote. Na ile ahadi ya meseji ni ahadi ya kosa la jinai, ambalo wewe utakuwa umelilipia.

Kuna namna tatu za malipo. Malipo ya saa au siku yanafaa kwa ufuatiliaji, mradi uweke ukomo: "zikifika saa 24 simama, unipigie." Bila ukomo, bili inakua kama deni la duka. Malipo ya jumla yanafaa kwa kazi yenye mipaka, kama kuhakiki kampuni moja au hati moja. Malipo ya matokeo, yaani "hupati, silipi", yanavutia masikioni, lakini yanamfundisha mpelelezi kutengeneza matokeo. Mtu anayelipwa tu akikuta mke wako na mwanamume, atamkuta na mwanamume, hata kama ni binamu yake wanakunywa chai. Kwa kazi yoyote inayogusa heshima ya mtu, ikatae namna hii. Kwa kumtafuta mdaiwa aliyetoroka inaweza kukubalika, kwa sababu mdaiwa amepatikana au hajapatikana, hakuna katikati.

Gharama zinazofichwa ni zilezile kila mara: kilomita, malazi ya nje ya mji, "chai" ya watu wa ofisini, na nakala za picha. Hiyo "chai" ikatae kwa maandishi. Rushwa iliyotolewa kwa niaba yako itakufuata wewe.

Usivyopaswa kununua kwa bei yoyote

Sheria ya Kenya ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaweka kwa kuingia kwenye mfumo bila ruhusa faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Simu ya mwenzi wako ni mfumo. Barua pepe yake ni mfumo. Kuwa mume au mke si ruhusa, wala kuwa uliinunua wewe hiyo simu hakukupi haki ya kupandikiza programu ya kijasusi ndani yake. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayokataza jambo hilohilo.

Taarifa za miamala ya simu au benki za mtu mwingine ziko kundi hilo. Anayeziuza amezipata kwa mfanyakazi aliyeziiba, au amezitunga. Na kuzitunga ni rahisi mno: picha ya skrini hutengenezwa kwa dakika tano. Kumwekea mtu kifaa cha GPS kwenye gari lisilo lako, kurekodi mazungumzo ambayo hakuna mshiriki anayejua, kujifanya askari, kujifanya mtu wa kampuni ya umeme ili aingie nyumbani: vyote hivi vinamgeuza mteja kuwa mshtakiwa. GPS kwenye gari la kampuni yako ni jambo jingine, mradi dereva amejulishwa kwa maandishi.

Hata kama hukushtakiwa, ushahidi wenyewe unaweza kutupwa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, inalinda faragha ikiwemo mawasiliano, na kifungu cha 50(4) kinaitaka mahakama iukatae ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki hizo endapo kuupokea kutaharibu usawa wa kesi au kudhuru utoaji haki. Utakuwa umelipa kwa ajili ya karatasi isiyosomwa.

Kesi za ndoa

Hizi ndizo zinazowaleta wateja wengi, na ndizo ambazo hela hupotea zaidi.

Uliza kwanza kama ugoni unahitaji kuthibitishwa. Kenya, uzinzi ni mojawapo ya sababu za talaka chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, lakini si sababu pekee. Mgawanyo wa mali haufuati nani alikosea kitandani. Unafuata mchango, na Mahakama ya Juu ilisisitiza mwaka 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe alichochangia. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inaangalia mchango, na Mahakama ya Rufani ilikubali tangu mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Kwa hiyo mke anayeogopa kunyimwa nyumba anafaidika zaidi kumlipa mtu atafute hati, risiti za saruji na mabati, na kampuni zilizofichwa kwa jina la shemeji, kuliko kulipia picha za hoteli.

Tofauti moja ya Tanzania ni kwamba sheria hiyohiyo, kifungu cha 72, inamruhusu mwanandoa kudai fidia kwa ugoni kutoka kwa aliyezini na mwenzi wake. Hapo ushahidi wa ufuatiliaji una thamani halisi. Kwa Waislamu wanaokwenda kwa kadhi, kuthibitisha zinaa kunahitaji mashahidi wanne walioona kwa macho, jambo ambalo mpelelezi hawezi kukuletea. Na kumtuhumu mtu bila hao ni dhambi nzito. Khului (mke kujivua ndoa kwa kurudisha mahari) na faskhi (kadhi kuvunja ndoa) zina njia zake zisizohitaji picha ya mtu yeyote. Muulize kadhi au mwanachuoni kabla hujamlipa mpelelezi.

Na ukishamwajiri, kaa kimya. Kazi nyingi za ndoa huharibika kwa mteja mwenyewe: siku ya pili anapata picha moja, jioni anagomba nyumbani, siku ya tatu mlengwa amebadili njia, simu na ratiba. Kubaliana kwamba hutapokea picha hadi mwisho. Kama unahisi unaweza kumdhuru mtu au kujidhuru baada ya kupata jibu, usiajiri sasa. Zungumza kwanza na mtu unayemwamini.

Ripoti nzuri inaonekanaje

Omba sampuli ya ripoti ya zamani, majina yakiwa yamefutwa. Hapo utajua zaidi kuliko kwenye tovuti yao yote. Asiyefuta majina ya mteja wa jana, kesho atakuonyesha wewe kwa mwingine. Mistari mizuri ya daftari la ufuatiliaji huwa mikavu namna hii:

18:40. Mlengwa atoka getini kwa miguu, shati la bluu, mkoba mweusi bega la kushoto.
18:47. Apanda bodaboda. Namba za usajili hazikusomeka, giza.
18:52. Amepotea kwenye mzunguko. Pikipiki yetu ilizuiwa na lori.
21:00. Hajaonekana kurudi. Ufuatiliaji umesimamishwa.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo inayotupa imani. Daftari lisilo na "amepotea" hata mara moja kwa siku tatu limeandikiwa mezani.

Angalia pia saa. Sisi tunasema saa 2 usiku, saa ya mkononi inaonyesha 20:00. Mpelelezi anayechanganya namna mbili ndani ya ripoti moja huacha pengo la saa sita, na wakili wa upande wa pili atalipasua hapohapo. Dai muda uandikwe kwa saa 24 kuanzia mwanzo hadi mwisho, na saa ya kamera ilinganishwe na simu kabla ya kutoka.

Picha na video zitolewe kama faili asilia. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza taarifa za ndani, kama tarehe, saa na aina ya kamera. Itumwe kama hati, au bora zaidi ikabidhiwe kwenye flashi huku kadi ya kamera ikitunzwa bila kuguswa. Kwa mahakama ya Kenya, rekodi ya kielektroniki huambatana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa, na kutiwa saini na mwenye dhamana nacho. Tanzania msingi ni kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Muulize mpelelezi kabla ya kazi: "Utatia saini cheti, na utakuja kutoa ushahidi ukiitwa?" Akisita, ripoti yake ni ya kusoma nyumbani tu.

Mkataba

Kurasa mbili zinatosha. Ziwe na swali lako moja lililoandikwa kwa maneno yako, idadi ya watu na saa, ukomo wa gharama, sentensi inayosema kazi itafanywa kwa njia halali pekee, nani ana haki ya kupokea ripoti, na nini kitafanyika kwa nakala baada ya kazi. Wengi husahau hilo la mwisho. Mpelelezi mwenye picha zako na za mwenzako ana silaha. Wapo wanaomgeukia mlengwa na kumuuzia habari kwamba anafuatwa. Weka malipo ya mwisho, tuseme robo, hadi upokee faili asilia zote na barua yenye saini kwamba nakala zimefutwa, isipokuwa zile wakili anazohitaji. Jina la kwenye mkataba lifanane na kitambulisho na namba ya simu inayopokea pesa. Jina tofauti likitokea kabla muamala haujakamilika, ghairi.

Ukiwa mbali

Aliyeko Muscat, Doha au Minneapolis, anayetuma fedha za kiwanja, anahitaji mpelelezi wa aina yake. Kwa ardhi iliyosajiliwa Kenya, upekuzi rasmi hutaja mmiliki, ukubwa, rehani na zuio. Kwa Nairobi huombwa kupitia Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni. Omba pia historia iliyomo kwenye kadi ya kijani, yaani kumbukumbu ya wamiliki wa kiwanja, pale ambapo sajili inaitumia, maana ardhi iliyobadilisha wamiliki watatu ndani ya mwaka mmoja inasema kitu. Tanzania, upekuzi hufanywa kwa msajili wa hati. Haya wakili anaweza kuyafanya bila mpelelezi.

Ambacho wakili hakioni akiwa ofisini ni kiwanja chenyewe. Ardhi isiyopimwa haimo kwenye rejista yoyote ya hati. Hapo mtu aende kwa miguu: kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya kijiji, kisha kwa majirani wa mipaka yote minne, mmoja mmoja, muuzaji akiwa hayupo. Awaulize nani alilima hapa miaka kumi iliyopita, na kama kuna ndugu anayedai. Apige video akizunguka mipaka, akianza na alama isiyohamishika kama mbuyu, nguzo ya umeme au msikiti, bila kukata. Asiwe mtu aliyeletwa na dalali, wala ndugu anayejenga karibu. Na umpe kiwanja cha pili cha kuhakiki ambacho majibu yake unayajua tayari, bila kumwambia. Ripoti zikija pamoja, anza kusoma hiyo ya pili.